MREJESHO: Mstari wa 1995 kwenye nikeli iliyogandishwa ndani ya agoni

Wakuu, habari za siku. Niliuliza kama mstari wangu wa karibu 1995 cm⁻¹ kwenye spektra ya infraredi (mwanga usioonekana ambao molekuli hufyonza), uliotokea baada ya kupiga nikeli kwa leza na kugandisha mvuke wake pamoja na CO (kaboni monoksidi) ndani ya gesi ya agoni, kweli ni NiCO, yaani atomu moja ya nikeli iliyoshika CO moja, au uchafu tu.

Aliyenishauri nichanganye CO ya kaboni-12 na ya kaboni-13 nusu kwa nusu, ubarikiwe sana. Mstari umegawanyika mara mbili tu, wa pili uko karibu 1950, katikati hamna kitu. CO zingekuwa mbili, ungetokea na mstari wa tatu katikati; kwa hiyo CO ni moja. Nilipopasha barafu hiyo ya agoni hadi kelvini 30 hivi (kama nyuzi -243 za Selsiasi) kisha nikaipoza tena, mstari wa 1995 ulififia, na ule wa Ni(CO)₄ (nikeli yenye CO nne) karibu 2052 ukapanda. Raha kuuona ukiota kwenye skrini!

Kutumia neoni badala ya agoni kumegoma. Mtambo wetu wa kupozea unaishia kelvini 10, na hapo neoni haikai; inataka 4 hivi. Maji nayo bado yanaonekana, 1624 na 1608, ingawa kuvuta hewa kutoka kwenye chombo usiku kucha kumeyapunguza. Mstari mwingine wa 1967, ambao nadhani ni Ni(CO)₂ (yenye CO mbili), bado sijaithibitisha mistari yake mitatu kwa mchanganyiko ule.

Asanteni wote.