Mkandarasi kagoma kujenga ukuta uliopo kwenye ramani, anasema haumo kwenye BOQ (orodha ya kazi, vipimo na bei zake). Nani yuko sahihi?

Mwenye Kiwanja
Wakuu, habari za jioni. Naombeni mwongozo kabla sijafanya jambo la hasira.

Najenga Goba, Dar es Salaam, kiwanja kina mteremko, wanaoijua Goba wananielewa. Nyumba ya kawaida tu, vyumba vinne, haina ghorofa. Safari hii sikutaka fundi wa mtaani, nikatafuta mkandarasi mwenye usajili wa CRB (Bodi ya Usajili wa Makandarasi), tukaandikishana kwa mwanasheria kwa bei ya jumla ya sh. 186,000,000. Mkataba wenyewe una kurasa sita. Nyuma yake kuna michoro, BOQ na karatasi za maelezo ya kiufundi.

Tumefika kwenye plasta. Wiki mbili zilizopita masika yamepiga usiku kucha, asubuhi udongo wa nyuma umeshuka mpaka usawa wa dirisha la jikoni. Nikamuuliza mkandarasi, ule ukuta wa kuzuia udongo unajengwa lini? Akacheka. "Bosi, huo haumo kwenye BOQ. Ukiutaka ni milioni 14, nje ya mkataba." Nikafungua michoro, karatasi ya nne, ukuta huo hapo: umechorwa nyuma ya nyumba mwanzo mpaka mwisho, kimo kimeandikwa 1200, yaani mita 1.2. BOQ nayo nimeipekua ukurasa kwa ukurasa, kweli ukuta haupo.

La pili, bomba la bafu la chumba kikubwa linavuja ndani ya ukuta. Ananiambia nimtafute fundi bomba tumalizane huko. Na fundi bomba kamleta yeye mwenyewe!

Sasa wajibu wa mkandarasi unasomwa wapi? Kwenye ramani, kwenye BOQ au kwenye zile kurasa sita? Mke wangu anasema tumfukuze tu.

Jirani wa Madale
Goba bila ukuta wa nyuma? Mkuu wewe hujengi nyumba, unajenga bwawa. Nimekaa pale nasubiri wataalamu.

Dada Kadiria
Pole sana kaka. Mimi ni mkadiriaji majenzi, hizi BOQ ndizo zinazonilisha. Kwanza mwambie shemeji asubiri. Ukimfukuza mkandarasi bila kufuata utaratibu wa kuvunja mkataba, anayeonekana kauvunja ni wewe, na atakudai.

Wajibu wake hausomwi kwenye karatasi moja. Mikataba mingi ina sentensi inayofanana na hii: mkandarasi atajenga na kukamilisha kazi zilizoonyeshwa na kuelezwa katika nyaraka za mkataba. Basi kabla ya kubishana juu ya ukuta, jua nyaraka za mkataba ni zipi, na zikipingana ipi inasikilizwa kwanza. Halafu jua BOQ imeingizwa mle kufanya kazi gani. Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa hiyo nivumilie nieleze.

Kuna mikataba ambayo BOQ ndiyo inayosema ile bei imenunua nini. Fomu ya Baraza la Taifa la Ujenzi ya mwaka 2000 ina toleo la namna hii. Katika mikataba ya mtindo huo, kitu kikisahaulika kwenye BOQ kosa linasahihishwa na kuhesabiwa kuwa ni badiliko, yaani mwenye nyumba unalipa. Ukuta ungekuwa wako kaka, hata kama umechorwa kwa rangi nyekundu.

Kuna mikataba ya bei ya jumla inayosimama juu ya michoro na maelezo ya kiufundi. BOQ inakuwepo ili tu mjue bei ya kipande kimoja kimoja wakati wa malipo ya awamu. Humo, mkandarasi aliyeusahau ukuta kausahau kwa hasara yake.

Halafu kuna ya kupima upya, kama kile kitabu chekundu cha FIDIC, yaani mkataba wa mfano wa shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri. Idadi zilizomo kwenye BOQ ni makadirio, mkandarasi analipwa alichojenga baada ya kupimwa. Hiyo sidhani kama inakuhusu.

Ukuta ni mmoja, jibu linageuka kufuatana na karatasi mliyosaini. Kwa hiyo tuwekee hapa kifungu chenye orodha ya nyaraka, pamoja na zile kurasa za mwanzo za BOQ ambazo hazina bei. Watu huwa wanaziruka kwa sababu hazina hela, kumbe maneno yote mazito yako huko.

Mzee wa Nondo
Mimi ni mkandarasi, daraja la sita, majengo. Nimtetee mwenzangu kidogo. Mteja anakuletea BOQ iliyoandaliwa na mtu wake, anakwambia jaza bei, kesho kutwa nazitaka. Unajaza ulichopewa. Baadaye vinaanza kutokea vitu ambavyo hukuviona, na kila kimoja unaambiwa "kimo kwenye ramani". Faida yote inaishia huko.

Nikishamtetea, niseme na hili. Ukiona ramani inasema hivi na BOQ inasema vile, unaandika barua mapema, tena kabla ya kuchimba msingi. FIDIC ya 1999 inaweka wazi kwamba upande wowote ukigundua kosa la kiufundi kwenye nyaraka unatoa taarifa haraka. Yeye michoro anayo tangu siku ya makabidhiano ya saiti. Kanyamaza mpaka mlima umeshuka.

La bomba halina mjadala. Fundi niliyemleta mimi ni mkono wangu, akiharibu nimeharibu mimi. Mteja hana mkataba na fundi bomba, amdai kwa lipi? Ingekuwa vingine kama wewe ndiye uliyemchagua fundi na kumlazimisha mkandarasi amchukue, kama wanavyofanya wengi kwa mafundi makabati waliowapenda Instagram.

Mwanakandarasi Nakuru
Nawasalimu ndugu zangu kutoka Kenya. Huku wengi tunatumia ile fomu ya mkataba ya JBC (Joint Building Council) ya 1999 na vita ni hivi hivi, ya mwaka juzi nilikosa usingizi kwa sababu ya fensi. Ndugu, katika malipo uliyokwisha kumpa ulizuia asilimia yoyote mpaka kipindi cha kasoro kiishe, yaani ule muda wa yeye kurekebisha kasoro baada ya kumaliza kazi?

Mwenye Kiwanja
Sikuzuia. Kila awamu nimelipa yote, hata mara moja nimemtangulizia ya bati. Mkataba unasema asilimia 5, nimeiona leo.

Mwanakandarasi Nakuru
Pole. Basi anza na malipo yajayo, mkataba unakuruhusu. Mwandikie kwanza asishtuke.

Mwenye Kiwanja
Dada Kadiria, nimekaa na nyaraka tangu saa moja. Nanakili kama ilivyo.

Kifungu cha 2: "Nyaraka zifuatazo kwa pamoja zinaunda Mkataba huu, na zitapewa kipaumbele kwa mpangilio huu: makubaliano haya, barua ya kukubali zabuni, maelezo ya kiufundi, michoro, BOQ."

Kifungu cha 5: "Bei ya Mkataba ni ya jumla na haitabadilika isipokuwa kwa mabadiliko yaliyoagizwa na Mwajiri kwa maandishi."

Na mwanzoni mwa BOQ, ukurasa wa tatu, maandishi madogo: "Mkandarasi atachukuliwa kuwa ametembelea eneo la kazi na kukagua michoro yote, na bei zake zinajumuisha kila kinachohitajika kukamilisha kazi, hata kama hakikutajwa waziwazi."

Dada Kadiria
Alhamdulillah, aliyekuandikia huo mkataba hakuwa amelala. Bei ni ya jumla, michoro imetangulia BOQ, na yeye kakubali kwamba alitembelea kiwanja na kuikagua michoro. Ukuta wa karatasi ya nne ni wake, ndani ya ile milioni 186.

Ila hicho kifungu cha 5 kina nusu ya pili, na inanipa wasiwasi. Niambie ukweli kaka. Tangu mmeanza, kuna kitu uliagiza kibadilike?

Mwenye Kiwanja
Mwezi wa kwanza niliwaambia waisogeze nyumba nyuma mita tatu ili mbele nipate sehemu ya magari mawili. Nilimwandikia WhatsApp, akajibu "sawa bosi". Sikujua kama inahusiana.

Jirani wa Madale
Hapo ndipo filamu ilipogeuka.

Dada Kadiria
Inahusiana sana. Umeisogeza nyumba kuelekea mlimani, kwa hiyo udongo uliokatwa nyuma ni mrefu kuliko wa kwenye mchoro. Kesho nenda na futi kamba, pima kutoka usawa wa ardhi iliyochongwa mpaka juu ya udongo, sehemu tatu tofauti.

Na usijidanganye kwamba WhatsApp haihesabiki. Mkataba wako unasema "kwa maandishi", haukusema barua yenye sahihi, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inayatambua maandishi ya aina hiyo. Uliagiza.

Mwenye Kiwanja
Nimepima: mita 1.9, 2.1 na 2.1.

Injinia Mstaafu
Nilikuwa nasoma kimya, hapo naingia. Mwanangu, usikubali wakujengee mita 2.1 kwa mchoro wa mita 1.2, hata wakikujengea bure.

Msukumo wa udongo haupandi sawa na kimo, unapanda kwa mraba wake. Kutoka 1.2 kwenda 2.1 kimo hakijafika hata mara mbili, lakini msukumo umefika mara tatu, na nguvu ya kuupindua ukuta ni zaidi ya mara tano. Kitako kinatakiwa kiwe kipana zaidi na nondo zibadilike. Nyuma yake ujaze kokoto na ukuta uachiwe vitobo vya kutolea maji. Kuta nyingi ninazozijua zilizolala, zimelazwa na maji yaliyokosa pa kutokea.

Na hapa msimwonee mkandarasi. Yeye anajenga alichochorewa. Kusanifu si wajibu wake, isipokuwa mkataba umemkabidhi usanifu waziwazi. FIDIC inaanza na hilo kwenye kifungu cha 4.1, na kurasa zako sita sioni zinasema vingine. Mchoro mpya unatoka kwa injinia aliyesajiliwa ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi), na gharama yake ni yako kwa sababu uliyeisogeza nyumba ni wewe. Aliyekuchorea ramani yuko wapi?

Mwenye Kiwanja
Alimaliza kibali cha halmashauri akaondoka. Usimamizi nilisema nitafanya mwenyewe, kupunguza gharama.

Injinia Mstaafu
Haya.

Mzee wa Nondo
Kwa hiyo bwana mdogo hesabu imekaa hivi: ukuta wa mita 1.2 kama ulivyochorwa ni wa mkandarasi, asikuambie kitu. Kinachozidi kwa sababu ya kusogeza ni badiliko lako, unalipa. Lakini milioni 14 kaitoa hewani. Bei za zege, nondo, tofali na kuchimba tayari zimo kwenye BOQ yenu, kwenye msingi. Chukua mchoro mpya wa injinia, toa ukuta wa zamani, tofauti iliyobaki izidishwe kwa bei zile zile. Hapo ndipo BOQ inapokufaa.

Na ukienda kuongea naye, usiende na shemeji mwenye hasira. Nenda na karatasi.

Mwenye Kiwanja *(siku tisa baadaye)*
Wakuu nimerudi. Tulikaa juzi saiti, chini ya bati. Mwanzo alikuja juu, akasema nimetafuta watu wa mtandaoni wanifundishe. Nikamfungulia kifungu cha 2, akasoma, nikamfungulia ule ukurasa wa tatu wa BOQ, akasoma mara mbili. Halafu nikamwonyesha WhatsApp yangu mwenyewe ya mwezi wa kwanza. Nadhani hiyo ndiyo iliyomtuliza, hakutegemea ningeitoa mimi.

Bomba limeshavunjwa na kurudishiwa, fundi wake, gharama yake, marumaru kanunua yeye. Zimetofautiana rangi kidogo, hilo tutalizungumza. Injinia kachora ukuta mpya. Tofauti kwa bei za BOQ imekuja milioni 6 na laki 3, na mke wangu kaikubali ingawa hajafurahi. Kilichobaki ni kwamba anataka kuongezewa wiki tatu, mimi nimekataa, maana mkataba una fidia ya kuchelewa.

Dada Kadiria
Mwongezee kaka. Badiliko ni lako, na kazi mpya inakula siku. Ukimkatalia muda anaostahili, siku ukiidai hiyo fidia atasema uliyemchelewesha ni wewe, na unaweza kuikosa yote. Andikeni karatasi moja: ukuta upi ni wa nani, milioni 6.3, wiki tatu, tarehe mpya ya kumaliza. Mkataba mwingine wote ubaki ulivyo. Msaini wote wawili, na namba ya mchoro mpya iandikwe humo.

Mwenye Kiwanja
Tumesaini leo mchana juu ya boneti ya gari lake. Kuchimba kitako ni Jumatatu. Kwa sasa tumeufunika udongo kwa turubai mbili za kukodi, na tangu saa kumi naona wingu limejikusanya upande wa Madale.

Jirani wa Madale
Huku imeshaanza kunyesha mkuu. Kazia kamba.