Ushauri: Samurai Champloo imenigomea bandani, nifanyeje?

Msimuliaji (mleta mada)
Habari za jioni wakuu. Niende moja kwa moja kwenye mada.

Nina banda la video huku Mbagala. Jioni mpira, usiku muvi za kutafsiri, na mtafsiri ni mimi mwenyewe. Vijana walinisumbua muda mrefu niwaletee anime, zile katuni za Kijapani, nikaipata Samurai Champloo. Mimi binafsi imenikamata. Kuna Mugen na Jin, wote mabingwa wa panga na hawapikiki chungu kimoja. Wananusurika kuuawa hadharani, halafu binti anaitwa Fuu anawakokota nchi nzima kumtafuta samurai anayenukia alizeti. Binti karusha sarafu, matokeo yake wamekatazwa kupigana mpaka huyo mtu apatikane. Raha tupu.

Basi nimetafsiri, nimefungulia, watu wananyanyuka katikati. Kuna vijana wamefikia kunidai kiingilio chao, jambo ambalo halijawahi kunitokea. Swali: nitafsiri juu ya sauti ya Kijapani au nichukue ile ya Kiingereza? Jumamosi naendelea nayo, nimeshatangaza kwa spika mtaa mzima. Silali wakuu.

Kiroboto
Nimewahi siti ya mbele. Karanga zipo?

Mzee wa Mikanda
Tatizo ni nyie watafsiri wa siku hizi, mnasoma tu. Enzi za Lufufu mtu alilipa kumsikia Lufufu, muvi ilikuwa kisingizio. Sisi Temeke tulikaa juu ya kreti za soda. Mkanda ukikwama, mwenye banda anauchomoa, anaupuliza, anausokota kwa kalamu ya Bic, na hakuna aliyetoka nje kwa sababu ukitoka siti yako imekwenda. Nilimfahamu mke wangu wa kwanza kwenye foleni ya banda. Tuliachana, lakini si kwa sababu ya muvi.

Mama Wawili
Hao watoto wanaojazana bandani usiku hawana kwao? Niliwahi kuchungulia hiyo katuni kwa mdogo wangu: damu, madanguro, na huyo Mugen mhuni asiyejua hata kusalimia. Mdogo wangu, funga hilo banda ufuge kuku.

Otaku wa Moro
Mama Wawili, huyo mhuni kuna sehemu anafundishwa kusoma ukubwani, kwa kupigwa na mwalimu. Ungeipenda.

Mleta mada, lugha weka pembeni kwanza. Muziki umeufanyaje? Hii kitu mwongozaji Shinichiro Watanabe aliitoa 2004, na mapigo ya hip hop ndiyo roho yake: Nujabes, Tsutchie, Fat Jon na Force of Nature. Hata tukio likibadilika unasikia sahani inakwaruzwa kama yuko DJ mezani. Ule wimbo wa kufungia, wa MINMI, watu wengine tunaamka nao.

Msimuliaji
Muziki upo mkuu, usiwe na hofu. Mimi nauliza lugha.

Msee wa Githurai
Huku kwetu Kenya mtafsiri DJ Afro akishika filamu hakuna mtu anauliza lugha. Wape wahusika majina ya mtaani. Jin na hiyo miwani yake mwite Karani, Mugen mwite Kondakta. Utaona watu wakibaki hadi taa ziwashwe.

Otaku wa Moro
Msimuliaji, "muziki upo" si jibu. Upo upi?

Kiroboto
Nanusa kitu hapa, na si alizeti.

Msimuliaji
Sawa, niseme, maana naona mmenikalia kooni. Muziki upo ila si ule. Nimeweka singeli.

Kabla hamjanitukana nisikilizeni. Faili niliyonayo sauti zote zimeunganishwa, maneno na muziki kwenye mkondo mmoja. Nikishusha maneno ya Kijapani ili nisikike, muziki unashuka nao. Nikiacha juu, mimi nameza mate tu. Nikaona isiwe tabu, nikazima yote, nikaweka sauti yangu na biti za dogo mmoja hapa jirani. Ile hip hop yao inakwenda polepole, na bandani joto, feni moja, watu watalala. Singeli mapigo mia mbili na ushee kwa dakika, panga likipigwa unalisikia mgongoni! Tena dogo nimeshamlipa, na nimeshamaliza kurekodi zote 30. Kwa hiyo hilo la muziki limepita, tujadili lugha.

Mzee wa Mikanda
Umezima sauti yote halafu unauliza utafsiri juu ya sauti ipi? 😂😂😂

Otaku wa Moro
Nimekaa chini kwanza.

Waliodai hela yao walikuwa na haki. Niambie kitu kimoja: sehemu ya 14 umeifanyaje? Pale Mugen anazama baharini, utotoni mwake kunampitia machoni, na hakuna anayesema neno. Anayeimba ni bibi wa visiwa vya Amami, kusini mwa Japani, Ikue Asazaki, wimbo wa kale wa huko kwao, sauti kama inachotwa kisimani. Mugen mwenyewe ni mtu wa visiwa vya Ryukyu, kusini hukohuko. Anakaribia kufa na kwao kunamwita. Na hapo wewe umeweka nini?

Msimuliaji
Hapo nimeweka ile ya "kamata, kamata". Ila nimepunguza kasi kidogo.

Kiroboto
Mugen anazama huku anakatika. Nimecheka mpaka mtoto kaamka.

Binti Chumbageni
Mimi si mtu wa katuni lakini kakangu yupo Nagoya, anasema Nujabes mpaka leo anasikilizwa sana, na alifariki 2010 kwa ajali ya gari akiwa na miaka 36. Sasa kazi ya marehemu mtu anaizima na kupachika ya kwake? Na COSOTA, wale wa hakimiliki, wakipita hapo utawaambia nini?

Msimuliaji
Dada, mabanda yote ya huku, nani ana kibali cha Wajapani? Nimeomba ushauri, sijaomba kesi.

Mama Wawili
Na dini je? Hao samurai wote wanaabudu masanamu.

Otaku wa Moro
Si wote. Watawala wa Japani enzi hizo za Edo walipiga marufuku Ukristo, na uasi wa Shimabara wa 1637 hadi 1638 ulizimwa kwa damu nyingi. Waumini wakawa wanasali kwa kujificha. Hadithi inagusa hayo, tena huyo samurai wa alizeti ni

Kiroboto
KOMA! Sijamaliza mimi!

Hesabu Kali
Wakuu, mnapigwa chai na mnaomba sukari iongezwe. Rudini juu mkasome: "nimeshamaliza kurekodi zote 30." Samurai Champloo ina sehemu 26 tu, ilianza 2004 ikaisha 2005. Hizo nne kazitoa wapi, kiwandani? Huyu hana banda, hana dogo wa singeli, ana bando la usiku na upweke.

Msee wa Githurai
Ehe. Mimi nilishuku tangu aseme amelipa mtu wa biti kabla.

Mzee wa Mikanda
Mimi nimesimulia ndoa yangu kumbe naongea na mtunzi.

Msimuliaji
Chai iko wapi? 26 ni za Champloo. Nne za mwisho ni Afro Samurai, anime nyingine. Zipo tano, moja faili lake halifunguki. Wateja wakiipenda kitu hawataki iishe, nikaunganisha. Nimesema yule mwenye afro ni binamu yake Mugen, kaja kulipiza kisasi. Nywele zinafanana.

Hesabu Kali
Naondoa tuhuma. Uongo wa namna hii hautungiki, huu ni lazima uwe umefanyika kweli.

Otaku wa Moro
Afro Samurai ya 2007, muziki wa RZA. Na yeye kapata singeli?

Msimuliaji
Wote haki sawa.

Binti Chumbageni
Mimi bado siamini. Weka dakika moja ya sauti hapa tusikie.

Msimuliaji
Bando limekata, hapa naandika kwa simu ya shemeji.

Otaku wa Moro
Chai au si chai, ushauri wangu huu hapa. Rudisha sauti ya Kijapani, singeli weka getini watu wakiingia. Shusha sauti pale tu unapoongea, na usiongee kila mdomo unapofunguka: eleza kabla ya tukio, panga likichomolewa nyamaza, acha sahani ikwaruze. Anza na sehemu ya kwanza, mkahawa unapowaka moto. Ukifika 14 zima kipaza sauti uende ukanywe maji.

Msimuliaji
Nyamaza? Watu wamelipa kunisikia mimi. Muulizeni Mzee hapo juu habari za Lufufu.

Mzee wa Mikanda
Mimi nisiingizwe.

Msimuliaji
Haya. Ya 14 nitaiacha kama walivyoiacha wenyewe. Nyingine zinabaki, dogo hawezi kunirudishia hela. Na Jumamosi getini nitakaa mwenyewe, wale vijana wakija nitawajua.

Kiroboto
Ile ya "kamata, kamata" inapatikana wapi? Nina harusi ya binamu.