Farasi mzee na baridi yangu ya kwanza naye: naombeni msaada, ndugu wa Kusini

Kutoka: Dada wa Uppsala

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za huko mliko.

Mama mkwe amehamia kwenye nyumba ya wazee, mimi nimebaki na farasi wake. Ni jike, ana miaka 26. Mimi mtu wa Newala, mnyama mkubwa niliyewahi kumfuga ni mbuzi. Daktari wa mifugo anasema ana ugonjwa wa tezi iliyo chini ya ubongo, anameza kidonge cha pergolidi kila siku, na mwaka juzi kwato zilimuuma mpaka akashindwa kutembea. Sasa huku Sweden jua linazama saa tisa kasorobo alasiri na maji yanaganda ndooni. Hei (nyasi kavu) anaitafuna kidogo kisha anaitema, madonge madonge yamejaa chini. Jirani ananiambia nimwite daktari amchome sindano ya mwisho kabla ya Januari. Nampenda huyu mnyama. Nifanyeje?

Kutoka: Kaka wa Yorkshire (kwa sasa nipo Lindi)

Marahaba mdogo wangu, pole sana.

Nakuandikia nikiwa barazani kwa mama hapa Lindi, joto la kaskazi limetukaba, jasho tupu. Mama anaumwa ndiyo maana nimekuja. Farasi wangu Korosho, naye jike, miaka 24, nimemwacha Uingereza kwa jirani. Ana ugonjwa huohuo wa tezi. Kwa hiyo haya ninayokuandikia nimeyafanya kwa mikono yangu kwa miaka minne.

Hayo madonge ndiyo uanze nayo. Si kwamba hataki kula. Magego yamekwisha. Nilipomweleza mama habari za Korosho, mama ambaye ming'oko, vile viazi vya porini, ameshaiacha kwa sababu ya meno, hakutaka maelezo zaidi. Alisema tu, "Basi mlowekee."

Ndivyo hivyo. Tafuta hei iliyosagwa na kushindiliwa vipande, pamoja na makapi ya kiazisukari yasiyotiwa molasi. Loweka kwa maji ya uvuguvugu mpaka vilegee kama ugali uliozidi maji. Ingiza mkono, uvunjevunje. Ukigusa kipande ambacho bado kigumu katikati, subiri, maana kikavu kinaweza kumkwama kooni. Korosho ana kilo 420, na kwa siku nampa kilo 8 zikipimwa kabla ya kulowekwa, kwa mafungu manne. Mafungu mawili hayamtoshi. Farasi ana tumbo dogo kwa mwili ule, ameumbwa kula kidogo kidogo kutwa nzima. Na usiuache uji ukagandia kwenye chombo, akishiba, ondoa.

Majani hayo ndiyo jiko lake. Yakifika kwenye utumbo mpana vijidudu vinayachachusha, na joto linatoka humohumo. Utasikia watu wanakwambia baridi ikizidi mwongezee nafaka na molasi. Kwa farasi wako usikubali. Wenye ugonjwa huu wengi wao sukari na wanga huwaletea maumivu ya kwato, na huenda hicho ndicho kilichomlaza mwaka juzi. Hata nyasi mbichi za shambani zichunge: usiku ukiwa wa barafu na asubuhi jua likawaka, nyasi zinakuwa zimejaa sukari ingawa kwa macho zimenyauka.

Maji nayasisitiza kuliko yote. Farasi hunywa lita 20 na zaidi kwa siku, lakini maji yakiwa baridi kama barafu anagusa mdomo na kuondoka. Chakula kinakauka utumboni, choo kinafunga, na farasi aliyefunga choo anaweza kufa. Beba maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni, simama hapo mpaka anywe, na chumvi kidogo kwenye chakula. Hesabu mavi kila siku. Yakipungua au yakiwa madogo na makavu, piga simu kwa daktari siku hiyohiyo.

Sasa blanketi. Majira ya baridi ya kwanza nilimvika Korosho blanketi nene nikaridhika. Kwa wiki mbili sikulivua, nilikuwa naona mnyama aliyefunikwa vizuri. Siku nilipolivua nikapitisha kiganja ubavuni, nikakuta mbavu zinahesabika, moja moja, na mgongo umechongoka. Yale manyoya marefu ya ugonjwa wa tezi yalikuwa yamenificha. Nilikaa chini kwenye majani nikalia. Tangu hapo navua kila siku, kwa baridi yoyote, napapasa mbavu, uti wa mgongo na nyonga kwa vidole. Macho yatakudanganya. Na usimvike blanketi juu ya manyoya yaliyolowa.

Ukiwa hapo, shika kila ukwato, kisha weka vidole juu kidogo, nyuma ya kifundo. Kuna mshipa. Siku za kawaida mapigo yake utayatafuta sana. Ukikuta unapiga kwa nguvu na ukwato una moto, moto huo ukakaa, au akasimama akiegemea nyuma kuipunguzia mzigo miguu ya mbele, usimtembeze, mwite daktari.

Kidonge usikisage. Na kama una mimba au unanyonyesha, usikishike bila glavu. Akianza kususa chakula, mwambie daktari, mara nyingine ni dawa yenyewe.

La jirani yako. Simchukulii kuwa mtu mbaya. Januari haina neno na farasi anayekula, anayekunywa, anayelala na kuinuka mwenyewe. Lakini kaeni na daktari sasa, kabla barafu haijazidi, mkubaliane ni dalili zipi zitakuwa mwisho: akishindwa kuinuka, akipungua ingawa anakula, maumivu ya kwato yasiyotulizwa na dawa. Ziandike, zibandike ukutani bandani. Mimi zangu nilimwachia jirani pamoja na ruhusa ya maandishi, maana nikiwa Lindi siwezi kufika usiku mmoja, na sitaki Korosho ateseke akinisubiri.

Kutoka: Mjomba wa Edmonton (Kanada)

Kaka kamaliza. Langu moja: theluji inashindiliwa chini ya kwato, hasa zenye vyuma, mnyama anakuwa kama amesimama juu ya mawe. Mwambie fundi wa kwato, kama hakuna sababu ya matibabu, amvue vyuma kwa majira haya. Mwaga mchanga njia yote ya kutoka bandani hadi kwenye maji, mzee akiteleza akaanguka kumwinua ni kazi ya watu wengi. Na madirisha ya banda usiyazibe kwa huruma, hewa nzito na vumbi la hei vinawaharibu mapafu. Akingwe upepo tu.

Kutoka: Dada wa Uppsala

Asanteni sana. Jana usiku nimemvua blanketi nikapapasa. Mbavu nazisikia, lakini juu yake kuna nyama. Uji ameumaliza, akalamba na chombo. Daktari anakuja Alhamisi kumwangalia meno, na hayo ya kuandika tutayaandika siku hiyo. Kaka, mama anaendeleaje?

Kutoka: Kaka wa Yorkshire

Leo kainuka, kakaa barazani. Kila asubuhi kabla ya dawa ananiuliza, "Huyo farasi kaamkaje?" Nikamsomea ujumbe wa jirani: ndoo mbili kabla ya saa moja, mavi ya kawaida. Kisha nikamsomea na wa kwako. Anasema uji uongezewe maji kidogo.