Kabureta za R1 kwenye Corolla zinafurika petroli, naomba ushauri

Mwana wa Gereji
Wakuu, habari za jioni. Nina Corolla AE92 yenye injini ya 4A-GE. Injekta zilishachoka, nikafunga kabureta nne za pikipiki, Yamaha R1 ya 1999, zile Mikuni za milimita 40, juu ya manifoldi (mabomba ya kuunganisha kabureta na injini) ya kuchomelea. Gari inawaka na inavuta vizuri sana. Shida ni ikikaa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) kidogo tu: petroli inatiririka kwenye vimpira vya kupumulia, hasa kabureta ya tatu na ya nne. Plagi za upande huo zinatoka nyeusi, zimelowa. Pini za floti, yaani boya linalofunga petroli bakuli la kabureta likijaa, nimeweka mpya zote. Pampu ni ya umeme, ya nje, niliuziwa kama ya gari ya kabureta. Fundi ananishauri nizitupe nirudi kwenye injekta, na mimi nazipenda hizi kabureta. Nianzie wapi?

Baba Swaumu
Kabla ya yote usiiwashe tena. Vuta dipstiki unuse oili; ikinuka petroli au kiwango kimepanda, mwaga oili yote uweke mpya, maana petroli ikishachanganyika inaondoa utelezi na beringi zinaliwa. Kisha fungua plagi zote na uzungushe injini kwa mkono. Silinda ikijaa petroli halafu ukapiga stata, fimbo ya pistoni inapinda. Na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu, petroli inayodondokea ekzosi yenye moto haisubiri.

Kipimo Kwanza
Mkuu, "pampu ya gari ya kabureta" haitoshi kuwa jibu. Nyingi za hizo zinasukuma presha ya psi 4 hadi 7. Pikipiki nyingi za kabureta zinashusha mafuta kwa uzito wake tu kutoka kwenye tangi: petroli iliyo sentimita 30 juu ya kabureta inatoa kama psi 0.3. R1 ina pampu, lakini ni ya presha ya chini. Kale kapini hakawezi kuzuia psi 6, hata kakiwa kapya. Funga regulita ya kupunguza presha, kati yake na kabureta weka geji, anzia psi 2. Mpira wa kurudisha mafuta kwenye tangi nao unasaidia sana.

Ila usinunue kitu bado. Chomoa pampu, ning'iniza chupa ya petroli juu kidogo ya kabureta, iingie yenyewe, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Zisipofurika, mchawi ni presha. Zikifurika hata hivyo, tatizo liko ndani ya kabureta au kwenye mkao wake.

Mwana wa Gereji
Oili ilikuwa inanuka, nimemwaga. Nimejaribu chupa: ya kwanza, ya pili na ya tatu kavu kabisa. Ya nne bado inatoa, polepole.

Kipimo Kwanza
Basi una matatizo mawili. Regulita inahitajika, hilo limeisha. Kwa ya nne, toa kiti cha pini uangalie ile oringi, yaani kimpira cha duara kinachokizunguka. Wengi wanabadilisha pini wanaiacha oringi ya zamani iliyokauka, na petroli inapita pembeni huku pini imefunga vizuri.

Dada Spana
Naomba kuuliza, manifoldi imechomelewa ikiwa na mlalo gani? Kabureta za R1 zinakaa zimeinama kwenye pikipiki yake. Ukizilaza sawasawa, floti inachelewa kufunga na kiwango cha petroli kwenye bakuli kinahama, hata kama kila kitu ndani ni kipya. Chomeka mpira unaoonyesha kwenye skrubu ya kumwagia chini ya bakuli, uuinue ubavuni, ufungue skrubu: petroli itasimama usawa uleule wa ndani. Linganisha zote nne. Vimpira vya kupumulia navyo visikunjwe wala kuzibwa.

Mwana wa Gereji
Dada umepiga penyewe. Fundi alizichomelea zimelala kabisa. Oringi ya nne ilikuwa imepasuka, nimeweka mpya, na kwa chupa sasa zote kavu. Lakini kwenye mpira viwango vyote viko juu, karibu na mdomo wa bakuli.

Dada Spana
Usikunje ulimi wa floti kufidia mlalo, utakosa petroli ukikanyaga. Manifoldi ikatwe, ichomelewe kwa pembe ya pikipiki, ndipo upime floti kwa vipimo vya R1.

Mwana wa Gereji
Kesho inaenda kukatwa. Regulita nimeshaagiza.