Shule ya bweni ya familia: mwanzilishi akiondoka inabaki vipi?

Kitindamimba_wa_Mwalimu:
Habari zenu wakuu. Naomba mnisaidie maana hili jambo linaninyima usingizi. Mzee wetu na mama walianzisha shule ya msingi ya bweni huku Kilimanjaro mwaka 1999, ile sera ya elimu ya 1995 ilipowapa watu binafsi nafasi. Walianza na watoto 14 sebuleni kwetu, sisi tukawa tunalala stoo, halafu mzee akauza kipande cha shamba la kahawa akajenga bweni la kwanza. Mama ndo alikuwa matroni, mpishi, nesi, kila kitu. Mpaka leo shuka zina namba alizoshona mwenyewe kwa uzi mwekundu, mtoto akimaliza la saba namba yake anarithi anayeingia.

Sasa mzee alipata kiharusi mwezi wa tatu, mkono wa kulia haufanyi kazi, na yeye ndo alikuwa anasaini kila kitu, cheki, mikataba ya walimu, mpaka hela ya kuni. Kaka anataka tuuze. Dada anasema tukiuza tumemzika mzee angali hai. Mimi niko katikati hapo. Ninachoomba ni historia za kweli, kuna shule ya familia ambayo mwanzilishi aliondoka na shule ikabaki ileile? Walifanyaje?

Bi_Taaluma:
Pole sana mdogo wangu, Mungu amjalie mzee nafuu. Mimi nimefundisha miaka 22, bweni nalijua, na historia ya shule za familia naipenda kuliko kitu kingine. Iliyonifundisha zaidi iko mbali na kwetu ila nakuomba usome mpaka mwisho.

Inaitwa Summerhill, iko Leiston, mkoa wa Suffolk huko Uingereza. Aliyeianzisha ni Mskoti anaitwa A. S. Neill, baba yake alikuwa mwalimu wa kijijini, wa fimbo haswa, na Neill mwenyewe alianza ualimu kwa njia hiyohiyo mpaka ikamchosha moyo. Mwaka 1921 akaanza shule Hellerau, karibu na Dresden Ujerumani, ikahamia mlimani Austria, wenyeji wa kule wakawakataa, akarudi Uingereza akapanga nyumba Lyme Regis iliyokuwa inaitwa Summerhill. Walipohamia Leiston mwaka 1927 jina wakalibeba. Vita ya Pili ikawakimbiza tena hadi Wales, vita ilipoisha wakarudi Leiston. Yaani shule imehama mara zote hizo na bado ni shule ileile. Majengo siyo yaliyoishikilia.

Kilichoishikilia ni mkutano. Kwao mtoto halazimishwi kuingia darasani, hilo kwetu ni gumu na sikushauri ulifanye, lakini sheria za pale zinapitishwa kwenye mkutano wa shule nzima, mtoto mdogo ana kura moja na mkuu wa shule ana kura moja. Neill mwenyewe alikuwa akishindwa kura anakubali. Alipofariki 1973, ana miaka 89, watu wengi walijua ndo mwisho. Mke wake Ena akaishika mpaka 1985, akampokea binti yao Zoë Readhead aliyekulia humohumo shuleni, na sasa mkuu wa shule ni mtoto wa Zoë, Henry. Vizazi vitatu hivyo, miaka zaidi ya mia.

Na haikuwa rahisi mdogo wangu. Mwaka 1999 wakaguzi wa serikali waliwaandikia ripoti mbaya, wizara ikawapa masharti ambayo wasipotimiza shule inafungwa. Zoë akaenda nao kwenye baraza la rufaa London, Machi 2000. Baada ya siku chache serikali ikaleta mapatano, sasa yeye hakusaini peke yake, wanafunzi waliokuwepo walifanya mkutano mlemle kwenye chumba cha mahakama, wakajadili, wakapiga kura kukubali. Kila nikisoma hapo machozi yananilenga. Neill alikuwa kafa zaidi ya miaka 26 kabla ya hapo na watoto ambao hawajawahi kumuona wanafanya vilevile kama alivyowaachia.

Kwa hiyo swali langu kwako, ukimtoa mzee pale shuleni, ni kitu gani kingeendelea kesho asubuhi bila mtu kuuliza? Hicho ndo urithi wenyewe. Kama hakuna kinachoendelea, anzeni kukiweka sasa hivi mzee akiwa bado anaweza kuongea.

Wa_Molo:
Pole ndugu. Huku kwetu Kenya kuna mifano miwili. Wa kwanza ni Turi, St Andrew's, karibu na Molo. Ilianzishwa 1931 na mtu na mkewe, akina Lavers, wanafunzi waliwaita Pa na Ma, wakati huo ilikuwa ya watoto wa wazungu tu. Mwaka 1944, tarehe 29 Februari, ikaungua. Wangeacha hapo nani angewalaumu? Wakajenga upya, na katika wajenzi walikuwemo wafungwa wa vita Waitaliano. Baadaye ikatoka mikononi mwa familia ikawa chini ya wadhamini, na bado ipo, siku hizi watoto wa kila rangi wanasoma pale.

Wa pili ni Makini, Nairobi. Mary Okello, mama aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuwa meneja wa benki Kenya, yeye na mumewe walianza 1978 na watoto wanane kwenye nyumba. Miaka 40 baadaye, 2018, wakaiuzia kampuni za nje, moja ya Afrika Kusini na moja ya Uingereza. Jina halikubadilishwa. Kwa hiyo mwambie dada yako kuuza siyo lazima iwe kuzika, inategemea mnamuuzia nani na mmeandikiana nini.

Rimu_la_Gari:
Mimi niseme upande wa mwanafunzi maana nimeyapitia. Nilisoma shule ya familia, sitaitaja. Mwenye shule alifariki nikiwa kidato cha tatu na watoto wake wakaanza kuvutana hata arobaini haijafika. Mmoja alikuwa na funguo za stoo, mwingine ana kitabu cha benki. Tulikula ugali na chumvi siku nne. Matroni alikaa miezi mitano bila mshahara na hakuondoka, alikuwa anatugawia maji kwa kikombe usiku, mtoto wa watu. Kengele yetu ilikuwa rimu la gari limening'inizwa kwenye mwembe, siku moja hakuna aliyeipiga na tukajua imeisha. Nilihamishwa katikati ya muhula na hesabu sikuzishika tena mpaka leo. Kaeni chini muelewane kabla, watoto wa watu wako mle ndani.

Mzee_wa_Mirathi:
Kijana, kwanza angalia usajili wa shule, kuna mmiliki na kuna meneja wa shule, ni vitu viwili. Kama mmiliki ni mzee kwa jina lake binafsi basi siku akiondoka shule inaingia kwenye mirathi kama shamba na ng'ombe, na mpaka mahakama imteue msimamizi mnaweza kukwama. Ikiwa ni kampuni iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, mnarithi hisa na kampuni inaendelea. Mkiweka chini ya bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa usajili na udhamini, mali inakuwa ya bodi, hakuna mtoto anayeirithi, hapo ndo walipofika hao wa Turi. Kila njia ina gharama yake. Muhimu mzee yuko hai na akili anayo, kama mkono haufanyi kazi kuna utaratibu wa kuweka dole gumba mbele ya wakili. Msisubiri.

Kitindamimba_wa_Mwalimu:
Nawashukuru sana, nimesoma yote nikamsomea na mama. Bi Taaluma swali lako nilimuuliza yeye. Alinyamaza kidogo akasema saa kumi na moja alfajiri anayewasha jiko la uji ni yule mpishi aliyekuwa mmoja wa wale watoto 14 wa sebuleni, na hajawahi kuambiwa na mtu awashe. Usajili nimeuangalia, mmiliki ni mzee kwa jina lake. Kaka anakuja Jumamosi, tumeomba na huyo mpishi na mwalimu mkuu wakae nasi kwenye kikao, na wakili atakuja saa nane.