Tupeane uzoefu: Kiingereza cha kuongea ulikipataje, na sentensi zipi zilikufaa?

Habari zenu wakuu. Wengi wetu tulisoma shule za msingi za Kiswahili, tukafika kidato cha kwanza masomo yakageuka Kiingereza ghafla. Kanuni tukazikariri, "go, went, gone" tukaiimba, mitihani tukafaulu. Lakini mgeni akikusimamisha akuulize njia, mdomo unakuwa mzito. Mimi nipo mapokezi hotelini hapa Arusha, na naamini kabisa kwamba mtu mzima huanza kuongea kwa sentensi nzima za kazi yake, sarufi ikaingia humohumo. Kwangu zilikuwa "How can I help you?" na "Let me check for you". Hiyo ya pili ndiyo iliyonifaa zaidi, maana inakupa nafasi ya kufikiri bila kumnyamazia mgeni. Na usipomsikia mtu, "Sorry, could you say that again?" ina adabu kuliko "What?" Leteni zenu, na mseme mlizipatia wapi.

Mdau wa Moshi
Nakuunga mkono mkuu. Nilianza kama mgumu, nabeba mizigo ya wageni wanaopanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Kila jioni kiongozi anaingia hema la chakula na maswali yaleyale: "How are you feeling?" "Do you have a headache?" "Did you eat?" Asubuhi tena: "Did you sleep well?" Si maswali ya kupitisha muda. Kilele kiko mita 5,895, na kuumwa kichwa au kukosa hamu ya kula ni dalili ambazo kiongozi hawezi kuzipuuza. Mimi nagawa chai, nasikiliza. Misimu ikapita, sikio likaanza kuikataa lenyewe "Did you slept". Wakati uliopita umeshabebwa na "did", kitenzi kinabaki kitupu. Mwalimu aliyasema hayo darasani, ila yaliniingia hemani. Siku hizi maswali hayo nauliza mimi.

Mdau wa Mombasa
Salaam. Langu ni moja, na ni la pesa. Mteja akikuuliza "You don't have change?" na kweli huna, wengi hujibu "Yes", kwa sababu Kiswahili chetu ukiulizwa "Huna chenji?" unajibu "Ndiyo, sina". Yeye anaelewa unayo, anabaki kungoja. Vijana wa tuktuk hapa kwetu nawaambia wasiliache jibu la neno moja: "No, I don't", au "Yes, I do". Ule mkia ndio unaoondoa utata.

Mdau aliyepo Leicester
Nahudumia wazee majumbani huku Uingereza. Kwetu "naomba" na "nipatie" vinatosha kulainisha ombi, huku kazi hiyo inafanywa na "would", "could" na "shall". "Would you like some tea?" "Shall I open the curtains?" Bibi akikwambia "I wouldn't mind a cup of tea", anaitaka, mpelekee. Na "You all right?" asubuhi ni salamu tu, jibu "Yeah, you?" mwende zenu. Wala msione haya kukaa na wazee. Wanaongea taratibu, wanarudia, na wanapenda kuongea. Kozi niliyolipia haikunifikisha nilipofika kwa kukaa nao.

Mdau wa Dodoma
Naomba nipingane kidogo. Sentensi za kukariri zinakuvusha mdomoni, lakini ukiandika barua ya kazi, sarufi itakudai. Mfano: "Nafanya kazi hapa tangu 2019." Wengi wanaandika "I am working here since 2019", kwa sababu Kiswahili kinakubali "na" hapo. Kiingereza kinataka "I have worked here since 2019". "Since" inashika mwanzo, "for" inashika muda: "for a long time", "for two years". Haya hutayaokota stendi. Tenga muda, kaa na kitabu.

Mdau wa Kariakoo
Wakuu, mimi fundi simu. Wateja wangu wengine ni wafanyabiashara wanaotoka Zambia na Malawi kufuata mzigo. Namwambia mtu simu itakuwa tayari saa kumi, naona hatuelewani. Nisemeje?

Mwanzisha mada
Ndugu yangu, kwanza saa. Saa kumi yetu ya jioni kwao ni "four", kwa hiyo usimtajie "ten" hata kidogo, atakuja usiku umeshafunga. Pili, "mpaka saa kumi" usiigeuze "until four", hapo atadhani unamaliza kazi saa hiyo na kuiacha. Sema "It will be ready by four". Akiwa na haraka: "Can you come back at four?" Na kama huna uhakika wa spea, usimpe saa. Chukua namba yake umwambie "I'll call you when it's ready". Baada ya "when" hapo usiweke "will", kama ambavyo sisi tunasema "ikiwa tayari" na hatusemi "itakapokuwa tayari" kila mara. Jaribu kwa mteja wa kesho, kisha rudi utuambie.