Tungamo la ukingaji kwenye latisi: mbona halifikii mara mbili ya tungamo la Debye?

Mwanagenzi:
Hamjambo waheshimiwa. Ninakokotoa nadharia ya geji ya SU(3), yaani ya kani kali ya kiini, isiyo na kwaki (chembe zinazounda protoni), kwenye latisi (gridi ya nukta za nafasi na wakati) ya 32³×8, katika halijoto iliyo mara mbili ya ile inayowaachia gluoni (chembe zinazobeba kani hiyo) huru. Nimepima korileta (uhusiano katika umbali r) ya vitanzi vya Polyakov, yaani mistari inayozunguka upande wa wakati wa latisi, kati ya nukta na nukta, nikaondoa mraba wa wastani, kisha nikalinganisha mporomoko wake na e^(−mr), ambapo m ni tungamo la ukingaji. Hesabu ya ngazi ya kwanza inatoa tungamo la Debye, linaloonyesha jinsi uga wa umeme wa gluoni unavyokingwa, la gT (g ni nguvu ya mwingiliano, T ni halijoto), na kwa kuwa kitanzi hakina rangi (chaji ya kani kali), hubadilishana gluoni mbili, hivyo nilitegemea 2gT. Badala yake, tungamo linashuka kila ninaposogeza dirisha la ulinganishaji mbali zaidi, wala halitulii. Je, boksi langu ni dogo mno?

Fundi wa Latisi:
Ndugu Mwanagenzi, sidhani kama tatizo ni boksi: upande wa nukta 32 ni mara nne ya upande wa wakati, na wengi huanzia hapo. Tatizo liko kwenye fomula. Korileta ya nukta kwa nukta haiporomoki kwa kipeo kitupu, bali hugawanywa pia kwa r, au kwa r² gluoni mbili zinapobadilishanwa, na mgawanyo huo hulikuza tungamo isivyo halali katika umbali mfupi. Jumlisha vitanzi vyote vya bapa moja la x na y, ndipo upime korileta kati ya bapa na bapa kuelekea z. Kwa kuwa kingo za latisi zimeunganishwa, hali ya chini kabisa ikishatawala utapata umbo la kosh[m(z − 16)], yaani kosini ya haipaboli. Kumbuka pia kuzungusha kila usanidi (sampuli moja ya uga kwenye latisi) uingie kwenye sekta halisi miongoni mwa zile tatu za Z(3), ambazo hutofautiana kwa theluthi ya mzunguko wa thamani ya kitanzi, maana usanidi ulioachwa kwenye sekta jirani hupotosha wastani unaouondoa.

Mwanagenzi:
Nashukuru sana. Kweli nimekuta usanidi kadhaa kwenye sekta nyingine. Sasa tungamo linatulia kuanzia z = 6 hadi 11, nami nikizidisha kwa 8 napata m/T. Hata hivyo, liko chini ya 2gT waziwazi. Nimekosea tena?

Mhadhiri wa Nadharia:
Hujakosea, na tokeo hilo ndilo linalonivutia zaidi katika kazi yako. Ukiuchukua mhimili wa z kama wakati, ulichopima ni nishati ya hali ya chini kabisa katika ulimwengu ambao upande wake mmoja ni mfupi, wenye urefu wa 1/T. Hali hiyo huchaguliwa na ulinganifu wa opereta (kile unachokipima), si na idadi ya gluoni ulizozichora kwenye karatasi. Ukigeuza wakati wa Euclid, yaani upande wa wakati wa latisi, A₀ (sehemu ya uga wa gluoni iliyo upande huo) hubadili ishara, lakini gluoni za sumaku hazibadilishi. Thamani ya kitanzi ni namba changamano, na sehemu yake halisi haibadiliki kwa mgeuzo huo, kwa hiyo hakuna kinachoizuia kuungana na hali za sumaku. Kipimo cha hizo ni g²T, ambacho mwanafizikia Linde alionyesha mwaka 1980 kwamba hakifikiki kwa hesabu ya ngazi kwa ngazi, na mwaka 1994 Braaten na Nieto walieleza kwamba ndizo zinazotawala korileta ya Polyakov katika umbali mkubwa. Kwa hiyo tungamo ulilolipata si la Debye.

Ukilitaka la Debye, fuata njia ya Arnold na Yaffe ya mwaka 1995: chagua opereta inayobadili ishara kwa mgeuzo ule. Sehemu dhahania ya kitanzi inatimiza sharti hilo, na vipimo vilivyofanywa pamoja na kwaki vimeonyesha kwamba kundi hilo la hali za umeme lina tungamo kubwa kuliko lile la sumaku. Lakini uwe mwangalifu, kwa kuwa sehemu dhahania huanzia kwenye A₀ tatu, nayo hugeuka pia kwa mgeuzo wa chaji (kubadilisha chembe na antichembe). Hali nyepesi zaidi ya umeme huenda ikawa kwenye opereta ya A₀ pamoja na uga wa sumaku F₁₂, kwa hiyo pima zote mbili. Ishara itakuwa hafifu, lakini kwa kuwa huna kwaki, unaweza kutumia mbinu ya tabaka nyingi ya Lüscher na Weisz, inayogawa latisi vipande na kukokotoa wastani wa kila kipande peke yake, kupunguza kelele.